Msiba Ulionitangulia Tarakea

Shoga zangu, kila mmoja wenu amekuja kwa wakati wake, amekaa kwenye kigoda changu, amekunywa chai yangu, halafu anasema, "Haya Mama Zena, ilikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka koo limekauka. Sasa nimeamua kuandika mara moja tu. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, na atakayecheka mwandiko wangu asirudi kuomba vitumbua. Habari za kutafuta nafasi kwenye lori, nani alinizungusha na nani aliniomba radhi, naziruka. Hazina utamu.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanaidi, mjane, mpika vitumbua hapa mjini Moshi. Mungu amenipa mtoto mmoja tu, Zena. Ameolewa Tarakea, huko Rombo mpakani, na Ramadhani muuza vitambaa. Mimba yake ya kwanza iliharibika siku ile ile alipopata habari kwamba baba yake amefariki. Sasa alikuwa na ya pili, siku zimekaribia, na mkunga alikuwa ameonya: huyu asishtuliwe, akishtuliwa tena tutampoteza yeye na mtoto. Ndiyo maana nilifunga jiko langu nikaenda.

Moshi

Siku moja kabla ya safari tulisoma hitima ya marehemu mume wangu, kama tunavyofanya kila mwaka. Wengi wenu mlikuwepo. Mikeka ilitandikwa nje, ubani unafuka, wanaume wanasoma barazani, mimi niko uani nageuza pilau na moshi umenijaa machoni. Wageni walipoondoka nilikuta gunia la maharage mlangoni. Niliuliza limeletwa na nani, hakuna aliyejua. Nikasema Mungu amzidishie aliyeleta, nikaliingiza ndani.

Asubuhi nikapanda lori la Sefu, mtoto wa mjini hapa hapa, nikakaa mbele karibu naye. Nyuma kulikuwa na magunia ya chumvi na wanawake wawili wauza ndizi waliokuwa wanarudi kwao. Sefu ni kijana mwema ila barabara ikiwa na shimo moja yeye atalitafuta. Nilimtukana toka tunatoka mjini.

Himo

Himo gurudumu likapasuka. Sefu akavua shati akaingia chini ya gari, nami nikaenda kukaa kivulini kwenye duka la Mhindi mmoja, ambaye Ramadhani hununua kwake khanga na marekani. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, "Tarakea, kwa Zena, mke wa Ramadhani."

Yule mtu aliweka chini mkasi wake. Akanitazama, akasema, "Pole sana, mama." Nikajibu nimeshapoa, nikidhani ananipa pole ya gurudumu. Akageuka akamwambia mkewe kwa lugha yao maneno mengi ya haraka haraka, na katikati nikasikia neno moja nililolijua: *musibat*. Mkewe akaweka mkono mdomoni. Akaingia ndani, akarudi na chai ya maziwa na vitu vitamu kwenye sahani, akakaa karibu yangu. Nilipotaka kulipa, akanifumba kiganja na zile senti ndani yake.

Jamani, Mhindi wa duka akikataa senti zako, utalala usingizi? Nikamwendea Sefu. "Sefu, wale wamesema msiba."

Akacheka huko chini ya gari. "Hao, mama, hata gurudumu likipasuka ni musibat. Hata mvua ikinyesha siku ya mnada ni musibat. Neno wanalo la kuchezea." Nikatulia kidogo. Lakini tulipoondoka niligeuka nyuma, nikamwona yule mwanamke bado amesimama mlangoni, anatutazama mpaka tulipopinda kona.

Mwika

Tulipoanza kupanda mlima mvua ikaanza, na baada ya mvua ukungu. Si ukungu wa kwetu huu unaoondoka jua likichomoza. Ule unashuka kutoka juu, unaingia migombani, na unasikia watu wanaongea huoni mtu. Mwika lori likazama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Watu wakatokea, wakasukuma, wakashindwa, wakasema kesho. Tukapelekwa kwenye nyumba moja ya wakulima wa kahawa, kwa bibi mmoja aitwaye Ndeshi, ambapo wanawake wa jirani walikuwa wamekusanyika kwa sala zao za Kikatoliki.

Nikatoa shikamoo. Wakaitikia vizuri, wakacheka na Sefu, wakauliza tunatoka wapi. Sefu, na mdomo wake usio na mlango, akasema, "Huyu mama anakwenda Tarakea kwa Zena wa Ramadhani."

Kicheko kikakatika. Mmoja akainuka akanipisha kwenye kigoda kilicho karibu na moto. Mwingine akanifunika shuka mabegani. Bibi Ndeshi akanishika mkono, akawaambia wenzake maneno kwa Kichaga. Mimi Kichaga changu ni cha sokoni tu, cha bei za ndizi. Katika maneno yote yale nililielewa moja, maana halikuwa la Kichaga. Alisema *msiba*, kama tunavyosema sisi, wala hakulibadilisha.

"Bibi," nikamwambia, "msiba wa nani?"

Akawatazama wenzake. Wote wakatazama moto. "Kula kwanza, mwanangu," akasema.

Mnajua wote maana ya "kula kwanza." Sisi watu wa huku hatumwambii mfiwa njiani. Tunasema mgonjwa ana homa kidogo, anakuita; tunambebea mzigo, tunamlisha, hatumwachi peke yake, mpaka afike aone mwenyewe mikeka. Mimi nimemleta shoga yangu mmoja kutoka Arusha hivyo hivyo, nikamchekesha njia nzima, na mumewe yuko kaburini. Sasa nikaona mimi ndiye ninayeletwa.

Wakaniletea kiburu, ile ndizi waliyoiponda na maharage, na juu yake kipande cha nyama. Kiburu nikala vijiko viwili. Nyama nikaiweka pembeni, maana haikuchinjwa na Mwislamu. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa Kiswahili, akidhani sisikii: "Hali nyama. Ameshajua."

Halafu wakapiga magoti wakasali. Sauti zilikuwa za chini, zinapanda na kushuka pamoja, na nje ukungu umeziba mlango kabisa. Nikasikia wanasema Zena. Wakasali tena, wakasema tena Zena. Mwanangu wa Kiislamu, niliyemzaa mwenyewe Moshi, anaombewa na watu ambao hata sura yake sidhani kama wanaijua. Nikajisemea, basi, Zena amekufa, na hawa wote wanajua isipokuwa mimi.

Mkuu

Asubuhi lori lilitolewa topeni, tukaendelea. Sikumtukana Sefu hata mara moja, naye akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Mkuu tukasimama kunywa chai kwa Msomali mmoja mzee, Mzee Warsame, ambaye zamani alikuwa akipitisha ng'ombe mpakani na sasa ana hoteli ya mabati na mbuzi wachache. Sefu akamsemesha kando. Mzee akamgeukia mwenzake aliyekuwa anakamua mbuzi, akamwambia kwa Kisomali, na wallahi nikalisikia tena: *musiibo*.

Nikaweka bilauri chini. Nikasema yatakayokuwa na yawe.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naswali na wewe unaswali, sote ni Waislamu. Usinifiche. Mhindi ananipa pole, Mchaga ananipa pole, na wewe unasema musiibo. Zena amekufa?"

Akashangaa. "Zena? Nani kasema Zena amekufa? Zena yu hai. Aliyekufa ni mama yake."

"Mama yake yupi?"

"Mama Zena. Mwanaidi, mpika vitumbua wa Moshi. Dereva Kalisti amepita hapa juzi na tanzia, ameitangaza kila kituo toka Himo. Wewe si ndugu yake? Tulidhani wewe ni ndugu, na hujaambiwa."

Nikasema, "Mzee, Mwanaidi ni mimi."

Yule aliyekuwa anakamua mbuzi aliacha kukamua. Mzee Warsame alirudi nyuma hatua moja, akaanza kusoma dua. Wale wauza ndizi wawili wakashuka garini na vikapu vyao bila kusema kwaheri. Mmoja alisema tu, kwa sauti ya chini, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nilimsikia vizuri, na maneno yale yaliniganda mgongoni.

"Nionyeshe miguu," akasema Mzee.

"Nini?"

"Miguu yako. Inua khanga."

Astaghfirullah, mwanamke mzima, mjane, niinue khanga mbele ya wanaume! Lakini nilielewa. Jini akija kwa sura ya mtu, kwato hazifichiki. Nikainua hadi kifundo. Akainama, akatazama vidole vyangu vyenye tope, akatazama nyufa za kisigino, akashusha pumzi. "Hii ni miguu ya mtu," akasema, "tena mtu aliyetembea sana."

Ndipo akanieleza alivyosimulia Kalisti, nami nikajazia ya hitima, tukaunganisha. Ramadhani alimpa Kalisti gunia la maharage aniletee, na salamu kwamba siku za Zena zimewadia. Kalisti, Mkatoliki wa Rombo, amefika kwangu amekuta mikeka nje, ubani, wanaume wanasoma Kurani. Kwao mikeka ikitandikwa nje na watu wakikaa kimya, nyumba ina maiti. Hajui kwamba sisi tunamsomea hata aliyekufa zamani. Akamuuliza mtu aliyekaa mwisho, "Mama Zena yuko wapi?" Na yule mtu, kwa sababu yuko katikati ya kusoma na kisomo hakikatwi, akatikisa kichwa akaweka mkono kifuani. Mchaga mwenye adabu haulizi mara mbili penye kilio. Kalisti akavua kofia, akaweka gunia mlangoni, akaondoka na tanzia yangu.

"Wamedhani umeshazikwa," akasema Mzee, "maana Waislamu hatulazi maiti. Ndiyo maana hakuna aliyeshuka Moshi. Wameweka matanga huko huko."

Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza hilo wakati dunia inanizunguka, "Mbona nyote mnalo neno hili? Mhindi, Mchaga, na wewe Msomali?"

"La Waarabu," akasema. "Kwao musiba ni kitu kilichompata mtu, kama mshale unavyompata aliyelengwa. Mturuki analo pia, nimelisikia Aden."

"Hamkuwa na lenu?"

"Tulikuwa nalo, na Wachaga wanalo lao. Lakini mtu akifiwa anayekuja kumlilia ni jirani, na jirani anakuja na neno lake." Akanijazia chai tena, nami sikuinywa. Nilikuwa nawaza kwamba mshale umetupwa na umelengwa kwa mwanangu, na umenitangulia kwa siku mbili.

Useri

Nikamwambia Sefu, "Endesha, na mashimo usiyatafute wala usiyakimbie." Akaendesha, lakini amejibana kwenye mlango wake kana kwamba mimi nina ukoma.

"Sefu," nikamwambia, "toka Moshi nimekutukana. Umewahi kuona maiti anatukana?"

"Leo hujatukana, mama," akasema. "Ndiyo maana naogopa." Nikamtukana pale pale, akapata ahueni kidogo.

Mbele kidogo ya Useri mto ulikuwa umejaa, magogo ya daraja yamechukuliwa na maji. Gari halipiti. Watu walikuwa wanavuka kwa mguu kwenye mawe ya juu. Nikavua viatu, nikajifunika khanga kichwani kwa baridi ikabaki sura tu, nikavuka. Sefu alibaki na chumvi yake, na sikumlaumu.

Ng'ambo ya pili ukungu ulikuwa mzito, njia sizioni, zinagawanyika kila penye mgomba. Nikasikia sauti za wanawake. Wakatokea mmoja mmoja kutoka kwenye weupe ule, wamejitwika ndizi, maziwa kwenye vibuyu, kuni. Nikawauliza njia ya Tarakea, kwa Ramadhani.

"Tunakwenda huko huko, msibani," akasema aliyetangulia, mama mnene mwenye sauti nzuri, jina lake Felista. "Wewe ni ndugu wa marehemu?"

Niseme nini? Nikisema ukweli watatawanyika porini, na mimi njia siijui, na mwanangu ananisubiri. "Ndugu," nikasema. "Wa karibu."

"Pole sana. Lakini huendi msibani mikono mitupu, shika." Akanitwika mzigo wa kuni. Nikaupokea, nikaingia kwenye mstari. Shoga zangu, nimekwenda kwenye matanga mengi, nimepika, nimelia, nimeosha maiti. Sijawahi kujitwika kuni za matanga yangu mwenyewe.

"Zena anaendeleaje?" nikauliza.

"Ee Yesu wangu," akasema Felista. "Uchungu ulimshika pale pale alipoambiwa, akaanguka. Mpaka jana jioni alikuwa hajazaa. Leo hatujui. Kama bado yupo, basi."

Nikaanza kutembea haraka, wakaniambia polepole, kuna utelezi. Na njia nzima walinisema mimi. Hawakunijua hata mmoja, walinisikia kwa Zena tu. Mmoja alisema marehemu alikuwa na ulimi mkali lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Mwingine alisema Zena alimngoja mama yake kila gari lilipopita, anatoka nje na tumbo lake anatazama barabara. Mwingine akasema, "Mtoto akizaliwa wa kike atapewa jina la marehemu, maskini." Wakarudi kwenye Kichaga chao, na ndani yake likaja lile neno, likapita, likaja tena. Nilikuwa nalia chini ya kuni. Aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega akasema, "Lia tu, ndugu, ni haki yako."

Kuna mahali ukungu ulikuwa mzito hadi sikuona mikono yangu. Nikapatwa na wazo baya, nikasimama. Nikawaza, je, kama ni kweli? Kama Kalisti hakukosea, nami nimekufa pale uani penye sufuria ya pilau, na huku kutembea kote ni safari ya roho tu? Sikuhisi baridi tena. Sikuhisi miguu. Nikamsikia Felista anasema, "Twendeni, tunakaribia," na sikujua anawaambia wenzake tu au na mimi nimo. Uzito wa zile kuni ndio uliniondoa pale, maana shingo ilikuwa inauma.

Tarakea

Alasiri tukaona mikeka. Wanaume wamekaa nje ya nyumba ya Ramadhani, wengine wa kofia, wengine wa misalaba shingoni. Ramadhani alikuwa anamimina maji ya kunawia kwa birika. Akanyanyua macho kuwakaribisha kinamama. Macho yake yakapita kwa Felista, yakafika kwangu, yakasimama hapo. Birika likaanguka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na wanaume wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, mikeka ikabaki wazi mbele yangu.

"Ramadhani, ni mimi, sijafa," nikasema. "Zena yuko hai?"

Nikatupa kuni, nikapita kati yao, hakuna aliyenigusa. Nyuma yangu nikamsikia Felista anapiga yowe.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya ubani na mtori, ile supu ya ndizi wanayopewa wazazi. Mkunga alikuwa pembeni, aliponiona alijikunyata kwenye kona na kujifunika uso. Na kitandani alikuwa Zena, amekonda, midomo imekauka, macho yamezama, kifuani amelaza kitoto kidogo sana kinanyonya.

Hakupiga kelele. Watu wote wa mlima ule walinikimbia, mwanangu hakunikimbia. Alinitazama kwa utulivu, kama alikuwa anajua nitakuja. Akasema kwa sauti ndogo, ya heshima kabisa, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja kunichukua?"

Nilitaka kusema sikufa, nilitaka kusema habari ya hitima, ya Kalisti, ya mikeka. Ulimi huu mnaouogopa nyinyi wote haukufanya kazi. Nilisimama pale na matope yangu, ninatikisa kichwa tu.

Akakitazama kitoto, akakiweka vizuri kwenye ziwa, akanitazama tena. "Sikatai, mama, tutakwenda," akasema. "Ila ningoje kidogo, nimalize kumnyonyesha."

Nikakumbuka onyo la mkunga, asishtuliwe, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikasema, "Mnyonyeshe, mwanangu. Mnyonyeshe mpaka ashibe." Na Zena akamnyonyesha, taratibu, taratibu sana, akimhamisha ziwa hili na lile ingawa mtoto alikuwa ameshalala, ili asimalize.